Desa nalielewa, mtihani unanishinda

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, shahada ya sayansi na ualimu, hisabati na fizikia. Kidato cha sita hisabati nilifaulu vizuri, lakini uchambuzi halisi (real analysis, somo la kuthibitisha misingi ya kalkulasi) umeniangusha, nina sapu, yaani mtihani wa marudio, Septemba. Nina desa, yaani kijitabu cha kunakilishana, la pepa za miaka ya nyuma zilizosuluhishwa. Nimelisoma mwanzo mwisho na kila jibu nalielewa, ila nikiingia kwenye chumba cha mtihani sioni hata pa kuanzia. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza desa jipya lenye “njia zote” kwa shilingi 15,000. Mwenzangu yeye anatumia programu ya akili bandia. Unanishauri nichukue lipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hiyo elfu kumi na tano nunulia madaftari.

Hujaniuliza maana ya epsiloni (ε, umbali mdogo wowote unaoruhusiwa) wala ya kikomo (namba ambayo mfuatano unaikaribia), kwa hiyo huko siendi. Neno lililonisimamisha katika barua yako ni “nalielewa”. Kila matokeo yakibandikwa nalisikia, na mara nyingi linatoka kwa wale waliopiga msuli kweli, si kwa wavivu. Ndiyo maana linaniudhi: mtu amekesha, na alichokesha nacho hakimsaidii.

Tazama swali ambalo halikosekani kwenye desa lolote: thibitisha kwamba mfuatano (3n+1)/(n+2) unakaribia 3. Suluhisho linasema: chukua ε yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri, chagua N (nafasi ambayo baada yake umbali haufiki tena ε) iliyo kubwa kuliko 5/ε, basi kwa kila n inayozidi N, umbali kati ya mfuatano na 3 ni 5/(n+2), ambao ni mdogo kuliko 5/n, ambao ni mdogo kuliko ε. Mwisho. Ukiusoma uthibitisho huo huoni pa kujikwaa. Kwenye mtihani mhadhiri anaweka (2n+1)/(n+4) inayokaribia 2, na mimi nikisahihisha nakutana na “chagua N kubwa kuliko 5/ε”, imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Hiyo 5 imetoka wapi? Umbali hapa ni 7/(n+4).

Aliyeandika hivyo aliiona 5 ikitokea, hakuwahi kuitafuta. Suluhisho lililochapwa linasomwa kutoka juu kwenda chini, lakini aliyelitunga hakulitunga hivyo. Alianza na ule umbali, akaukokotoa kwenye karatasi ya pembeni, akafuta, akarudia, akagundua N inayomfaa, ndipo akapanda juu kuandika “chukua ε yoyote” kana kwamba alijua tangu mwanzo. Karatasi ya pembeni haimo ndani ya desa. Haitakuwamo hata kwenye hilo la njia zote, maana anayeuza naye amenakili.

Na hilo ndilo swali rahisi. Linalowamaliza ni hili: onyesha kwamba (-1)ⁿ haina kikomo. Hakuna cha kukokotoa, hakuna sehemu ya kurahisisha. Inabidi uikanushe fasili yenyewe, useme: ipo ε moja inayokataa kila L, yaani kila namba inayodhaniwa kuwa kikomo. Ukichukua ε = 1, L iwe yoyote ile, 1 na -1 zote zingetakiwa kuwa karibu na L kwa umbali usiofika 1, wakati zenyewe zimeachana kwa 2. Haiwezekani. Mtu aliyekwisha kupambana na fasili peke yake hulimaliza mara moja. Aliyekariri N anatafuta N ya kuchagua, haipo, anaacha ukurasa mweupe. Ukisema huoni pa kuanzia, nadhani ni huo.

Wala hili si la chuo chenu. Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor, huko Florida, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kuhusu kutafuta ujazo wa maumbo ya aina nne. Kundi moja lilifanya maswali ya aina moja mfululizo ndipo likahamia nyingine, kama desa linavyopangwa: mada hii, kisha ile. Kundi la pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliopangiwa walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, waliopangiwa walipata 20 na waliochanganyiwa 63. Isome tena hiyo 89. Hicho ndicho unachokiita kuelewa. Mtu anayejua tayari kwamba swali ni la mada fulani amepewa nusu ya jibu, na mtihani hauandiki jina la mada juu ya swali.

Kwa hiyo pepa za zamani si mbaya, ubaya ni majibu yaliyopachikwa chini yake. Zichane. Weka maswali upande mmoja, majibu mpe mtu akufichie, kisha vuta swali bila kujua ni la mfuatano, la mwendelezo au la intigrali. Ukikwama, andika fasili ya kila neno lililomo kwenye swali, kamili, pamoja na “kwa kila” na “ipo” kwa mpangilio wake. Ukizipindua hizo mbili umeandika kitu kingine kabisa, na nusu ya makosa ninayosahihisha ni hapo. Ukikwama tena, lala. Kesho rudi kwenye swali lilelile kabla hujaomba jibu.

Ukishapata jibu, usilisome, lihoji. Hodds, Alcock na Inglis wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walionyesha mwaka 2014 kwamba wanafunzi waliopewa mafunzo mafupi ya kujielezea wenyewe kila mstari wa uthibitisho (huu umetokana na upi, unatumia fasili gani, kwa nini umewekwa hapa) waliuelewa uthibitisho kuliko wenzao waliousoma tu. Mafunzo mafupi, si kozi. Hakuna anayeyauza WhatsApp kwa sababu hayana cha kuuza.

Na darasani, usinakili ubao peke yake. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uliofuatilia mhadhara mmoja wa uchambuzi halisi: mambo ambayo mhadhiri aliyaona ndiyo kiini aliyasema kwa mdomo, ubaoni akaandika hesabu, na wanafunzi wakaondoka na hesabu. Sisi wahadhiri tuna lawama yetu hapo. Tuna kubwa zaidi kwa kurudia pepa ileile kila mwaka hadi desa likawa na thamani sokoni, lakini hilo nitawaambia wenzangu, wewe una sapu.

Kuhusu programu ya mwenzako. Katika jaribio lililofanywa Uturuki kwa wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari (si wa chuo, lakini sioni kwa nini ninyi muwe tofauti), waliopewa akili bandia ya kawaida wakati wa mazoezi walifanya vizuri kuliko wasiopewa kwa asilimia 48. Iliponyang'anywa, kwenye mtihani walifanya vibaya kuliko wasiowahi kuigusa, kwa asilimia 17. Ni desa lilelile, ila hili linajibu usiku wa manane. Kama lazima aitumie, aandike kwanza jaribio lake lote, halafu aiombe imwonyeshe mstari uliokosewa bila kuusahihisha.

Sasa huyu muuzaji. Nimeziona bidhaa za aina hiyo: uthibitisho wenye hatua iliyorukwa, ε na δ (umbali wa pili, unaotumika kwenye fasili ya mwendelezo) zimebadilishana nafasi, na kosa moja linalohama toleo hadi toleo kwa sababu hakuna anayelisoma kwa kuhoji. Wapo na wanaotoza ada ya “pindi la usiku mmoja”, yaani darasa la kukesha, na wapo wanaomwambia mtoto wa watu kwamba yeye ni wa kujifunza kwa macho au kwa masikio, jambo ambalo watafiti walilichunguza na hawakukuta ushahidi wa maana wa kufundishia hivyo. Wote wanauza hisia ya kuelewa, na hisia hiyo ni rahisi kuitengeneza.

Wewe baada ya mwaka mmoja na ushei utasimama mbele ya kidato cha tano na chaki mkononi. Atanyoosha mkono mtoto mmoja akuulize kwa nini N iwe kubwa kuliko 5/ε. Desa halitakuwepo mezani.

Jambo la mwisho: mtu huyohuyo akija wiki ya mtihani kukunong'oneza kwamba ana “pepa lenyewe”, ondoka kwenye kundi. Hapo hatuzungumzii tena sapu, tunazungumzia kufukuzwa chuo.