Jibu: Taa za rivasi hazizimi

Ndugu, kama gari lako ni la gia za mkono na taa za rivasi zinawaka ukifungua tu swichi ya gari, hata gia ikiwa huru, usikubali kuuziwa balbu. Balbu haijiwashi. Mshukiwa wa kwanza ni swichi ya rivasi, ile iliyofungwa kwenye giaboksi kama bolti, ina nyaya mbili. Kwa kawaida ina kipini kinachosukumwa gia ya nyuma inapoingia. Kikikwama, umeme unapita muda wote.

Vuta breki ya mkono, fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha chomoa soketi ya hiyo swichi ya rivasi. Taa zikizima, swichi hiyo ya rivasi imekufa. Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, na ile kuukuu mkononi ulinganishe nyuzi za kufungia. Ukiifungua weka kopo chini, oili ya giaboksi inaweza kumwagika.

Zisipozima, kuna waya umechubuka na kugusana na mwenye umeme. Mimi ningeanzia pale nyaya zinapopinda kwenye bawaba za buti, hasa kama ulifungiwa kamera ya nyuma na fundi wa haraka haraka. Kamera hizo mara nyingi huungwa kwenye waya huo huo wa taa.

Na Thika Road usiku usiende hivyo, aliye nyuma atadhani unarudi.