Divai ya moto, au isiyotoka kwenye friji?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Kazi yangu ni kupikia watu sherehe. Desemba hii kuna familia inayotaka wageni wapokewe kwa ile divai nyekundu inayopashwa moto na mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa, kama wanavyofanya Ulaya wakati wa Krismasi. Menyu wanaitaka kwa Kiswahili, nami nimeandika "mvinyo moto wenye manukato". Binamu yangu wa Kisumu ameisoma akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza ni nani hapa kwetu anayekunywa kileo cha moto. Nimekosea wapi?

JIBU: Kicheko nakielewa. Manukato hujipaka mtu shingoni akienda harusini. Mgeni akiyaona kwenye menyu atadhani umemimina chupa ya marashi kwenye sufuria. Unachotaka ni viungo, neno lililotokana na kitenzi kuunga, kile kile tunachokitumia tukisema mchuzi umeungwa. Najua viungo pia ni magoti na viwiko, lakini mezani hakuna atakayevichanganya. Labda mtu atawaza pilau, na hatakuwa amepotea sana: mdalasini, karafuu na iliki ni vya huko huko. Usimtilie bizari nyembamba tu.

Lakini neno lililonisimamisha mimi si manukato. Ni "moto".

Ingia hoteli yoyote ndogo hapo mjini uagize soda. Mhudumu atakuuliza, "Baridi ama moto?" Ukisema moto, hakuna anayewasha jiko. Anainama, anachomoa chupa kwenye kreti, anaipangusa vumbi kwa aproni, anakufungulia. Moto hapo maana yake ni kwamba haikuingia friji, na bia ni vivyo hivyo. Kwa hiyo "mvinyo moto" wako, kwa sikio la Nakuru, ni chupa iliyoshinda kabatini. Wafaransa wao husema "vin chaud", yaani divai ya moto, basi, wakaelewana. Wajerumani wana "Glühwein", kutoka kitenzi kinachosemwa kwa chuma au kaa linapokuwa jekundu kwa moto. Sisi tuna yule mhudumu na kreti yake, kwa hiyo lazima tuongeze kitu.

Cha kuongeza tunacho tayari: rudia neno. Chapati motomoto, chai motomoto, maandazi motomoto. Sijawahi kumsikia mtu akiitisha soda motomoto. "Vuguvugu" usiliguse kabisa. Msomaji wa Biblia atakumbuka kanisa la Laodikia lililokaribia kutapikwa, na asiyesoma atakumbuka uji uliosahaulika mezani.

Mvinyo ama divai? Yote mawili ni mageni: mvinyo ni "vinho" ya Wareno, divai ni "du vin" ya Wafaransa. Biblia ya Union inayatumia yote. Harusini Kana waliishiwa na divai, na pale msalabani Yesu akapewa mvinyo uliotiwa manemane. Mimi ningechukua divai, kwa sababu mvinyo kwa watu wengi hubeba hata vileo vikali. Tena utaepuka ubishi: mvinyo umeisha au mvinyo imeisha? Divai imeisha, hakuna kesi.

Ukiongeza maelezo chini ya jina, andika "imepashwa moto", usiandike "imechemshwa". Si suala la lugha tu. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, mapema kuliko maji, na sufuria ikitokota kileo kinaondoka na mvuke. Mpishi anayeandika "imechemshwa" anajishtaki mwenyewe.

Na huyo binamu anayeuliza nani hunywa kileo cha moto, mwambie apande matatu ya Busia. Wateso huketi kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto yanaongezwa chunguni kadiri wanavyonywa. Huko hakuna anayesema "ajon ya moto", kwa kuwa moto umo ndani ya jina. Divai haina bahati hiyo kwetu bado, ndiyo maana lazima uutaje huo moto.

Kwa hiyo menyu yako isome hivi: "Divai ya viungo, motomoto". Imefuata mkondo wa chai ya tangawizi na chai ya maziwa, kwa hiyo hata shosho wa familia hiyo ataielewa mara moja. Na kwa kuwa huenda shosho mwenyewe hanywi, weka sufuria ya pili yenye viungo vile vile, uandike chini yake: "Juisi ya zabibu ya viungo, motomoto". Miiko tu msichanganye.