Dipoziti ya kadi ya mkopo hailipi bili

Mdogo wangu, umeuliza kama zile dola 200 unazoweka benki mwanzoni ili upewe kadi ya mkopo ya dhamana (secured card) huko Marekani zinalipa bili. Hapana, hazikati bili, ni dhamana tu inakaa benki na mara nyingi ndiyo inakuwa limiti yako, yaani kiasi cha juu unachoweza kutumia, ukinunua kitu cha dola 40 bili ikija unailipa kwa hela nyingine kabisa. Binti yangu alitoka hapa Uyole kwenda kusoma Marekani akadhani hivyohivyo, akachelewa, akapigwa faini na riba juu, iliniuma sana. Ukimaliza deni na kufunga kadi dhamana inarudi. Ila kama hujafika miaka 21 sheria yao ya 2009 inataka uonyeshe kipato chako mwenyewe au upate mtu wa kusaini nawe, na uliza kwanza kama benki inapeleka taarifa Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, maana bila hivyo historia yako ya mkopo haijengeki.