Niko futi sita na nusu, nikae wapi kwa ndege?

SWALI: Habari yako Msafiri. Mimi ni kijana wa Kondele hapa Kisumu, urefu futi sita na inchi sita, nacheza basketi. Mwezi wa nane naenda kusoma Toronto, tiketi ni Kisumu mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Amsterdam, halafu Amsterdam mpaka Toronto. Matatu nishazoea, nawahi mapema nakaa mbele na dere. Ndege sijawahi panda, na mabeshte wananiambia nikifika kaunta nijisimamishe tu waone urefu, watanipea siti ya mlango wa dharura bure. Ni ukweli?
Mrefu wa Kondele

JIBU: Mdogo wangu, mabeshte wako hawana ubaya lakini wanakupotosha. Kuna siku inatokea, ndege ina nafasi na mtu wa kaunta akakuonea huruma, lakini hiyo ni bahati, na masaa nane mara mbili si ya kwenda na bahati. Ile nafasi ya mlangoni haikuwekwa ju ya warefu, iliwekwa ndio watu wapite mbio mambo yakiharibika, na ukikaa hapo mhudumu atakuja kabla ndege iondoke akuulize kama uko tayari kusaidia kufungua, na mara nyingi anataka umjibu kwa mdomo. Halafu siku hizi kampuni nyingi zimegundua hiyo siti ni tamu, zinaiuza. Mwenye alilipa juzi kwa simu akiwa kitandani ndiye atakaa, hata kama miguu yake haifiki chini.

Kabla ulipe chochote, leo jioni fanya hivi. Weka stuli kwa ukuta, kaa mgongo na matako yaguse ukuta kabisa, umwambie mtu apime na tepu ya fundi wa nguo kutoka ukutani mpaka ncha ya goti. Mimi niko futi sita na inchi mbili na nilipata sentimita 65. Kinachobanwa kwa ndege ni paja, si urefu, kuna jamaa urefu wake wote uko mgongoni na anakaa ekonomi akisinzia vizuri tu. Sasa hiyo namba yako uilinganishe na kitu wanaita pichi, yaani kutoka siti yako mpaka siti ya mbele, mahali pale pale kwa zote mbili. Ekonomi kawaida ni kati ya inchi 28 na 32, kama sentimita 71 mpaka 81. Usifurahie haraka, hapo ndani wamehesabu pia unene wa siti yenyewe, kwa hivyo goti linapata pungufu ya hiyo.

Kisumu mpaka Nairobi usilipie hata bob. Ni dakika arobaini na kitu, na ndege zenye zinafanya hiyo njia sanasana ni Embraer 190 ama Dash 8-400, siti mbili huku mbili kule, hakuna wa kukaliwa katikati. Chukua ya kando ya njia, toa mguu mmoja nje, ukiona kigari cha soda kinakuja uurudishe. Kigari kikigonga goti hutasahau.

Pesa yako weka kwa zile safari mbili ndefu, na hapo angalia ramani ya siti vizuri manake si kila siti ya bei ni nzuri. Ya mlangoni kabisa, dirishani, kwa zile ndege kubwa mara nyingi mlango wenyewe umetokeza kama tumbo na linakula mahali pa mguu, afadhali ya pembeni yake. Kukiwa na mistari miwili ya dharura inafuatana, ule wa mbele kwa kawaida haulali nyuma. Ile ya kuangalia ukuta goti linapumua lakini mguu haunyooki, hakuna siti ya kuingiza viatu chini yake, begi lazima liende juu wakati wa kuruka na kutua, meza inatoka kwa mkono wa siti, na hapo ndipo wanatundika vitanda vya watoto wachanga. Unaweza kupata nafasi ya goti na usilale hata lepe.

Kitu kimoja kinachomaliza watu ni hiki. Tiketi inaweza kuwa ya kampuni moja na ndege ikarushwa na nyingine, na siti inatolewa na yule anayerusha. Angalia kila safari imeandikwa inaendeshwa na nani, pigia huyo, umwombe booking code yake, ile ya herufi na namba, jumla sita, ndio uingie kwa tovuti yake ulipie hapo. Mimi sikujua hayo. Nililipia siti ya mlangoni, ndege ikabadilishwa, nikajipata katikati karibu na choo, ule mfuko wa magazeti wa siti ya mbele ukinikaa kwa goti mpaka nikashuka na alama. Nilichosaidika nacho ni kutoa magazeti yote na ile kadi ngumu ya usalama nikaweka juu ya mapaja, ukapungua kidogo. (Kadi uisome kwanza, na uirudishe.) Risiti nilikuwa nimetupa kwa hivyo pesa ya siti niliisahau hivyo hivyo. Wewe weka risiti, na siku moja kabla uangalie tena kama siti bado ni yako.

Na usikae tu kama gunia. Shirika la Afya Duniani lilisema 2007 kwamba kukaa safarini masaa manne na zaidi kunaongeza mara mbili hivi hatari ya damu kuganda kwa mishipa, na walio juu ya sentimita 190 wako kwa kundi la hatari zaidi. Wewe uko 198. Tembea, zungusha vifundo vya miguu, na dawa ya usingizi achana nayo.

SWALI: Mama yangu alifanyiwa operesheni ya goti, anasafiri mwezi ujao. Nimlipie siti ya mlango wa dharura? Binti wa Kakamega

JIBU: Hapana dada, watamhamisha mbele ya watu na mama ataona aibu. Hapo ni pa mtu mwenye nguvu ya kufungua mlango. Piga simu siku mbili kabla, omba wilicheya na siti ya kando ya njia upande ambao goti baya litatokea njiani.

SWALI: Kuna kifaa cha kuzuia siti ya mbele isilale. Ninunue? Wa Milimani, Nakuru

JIBU: Mwaka 2014 jamaa alikitumia kwa ndege ya kutoka Newark kwenda Denver, mama wa mbele akammwagia kikombe cha maji, rubani akaenda kutua Chicago wakashushwa wote wawili. Mguse wa mbele bega, umwambie "naomba usilaze siti mpaka tumalize kula." Wengi wanakubali.