Matembezi mepesi karibu na Arusha, ziwa na mlima pamoja

Dada, kwa kuwa umesema mama hawezi kupanda milima ila anatamani kuiona, mpeleke Ziwa Duluti pale Tengeru. Ni ziwa dogo la kreta, umetoka tu Arusha kwa barabara ya Moshi. Njia inapita msituni kandokando ya maji, sehemu kubwa ni tambarare, na mkienda taratibu mtalizunguka kwa saa mbili hivi. Wahini asubuhi kabla mawingu hayajaufunika Meru. Kukiwa kweupe, hata Kilimanjaro huonekana. Tembeeni kimyakimya: kenge huota jua juu ya magogo yaliyoangukia ziwani, akisikia kelele anatumbukia majini. Mama avae raba, mizizi njiani huteleza mvua ikinyesha.