Mickey wa 1934 na Mickey wa 1941: je, ni katuni moja iliyotiwa rangi?

SWALI: Nina faili mbili za katuni ya Mickey Mouse iitwayo Orphan's Benefit. Moja ni nyeusi na nyeupe, ya 1934. Nyingine ni ya rangi, ya 1941. Vituko ni vilevile na sauti karibu ni ileile. Je, hii ya pili ni ile ya kwanza iliyotiwa rangi kwa kompyuta? Nataka kuwaonyesha wanafunzi wangu, nitumie ipi?

JIBU: Hapana, mwalimu. Mwaka 1941 hakukuwa na kompyuta ya kazi hiyo. Studio ya Walt Disney iliichora katuni nzima upya, picha kwa picha, kisha ikaipiga kwa filamu ya rangi ya Technicolor. Sauti zinafanana kwa sababu walitumia tena sehemu kubwa ya sauti ya zamani. Katika katuni, kila mwendo hupimwa kwa sauti, picha 24 kwa sekunde. Ukishika sauti ya zamani, umeshika na mwendo wake, na mchoraji mpya hana budi kuufuata.

Fungua faili zote mbili, uzisimamishe pale Donald Duck anapoghani shairi na watoto yatima wanamzomea. Donald wa 1934 ana mdomo mrefu na shingo nyembamba. Alikuwa mgeni kabisa, ametokea katika katuni moja tu kabla ya hiyo, na humu ndimo hasira zake za kukunja ngumi zilipochanua. Wa 1941 ni mnene kidogo, mdomo umefupishwa. Mtazame na Mickey: zamani macho yake ni nukta nyeusi, baadaye yana weupe na mboni. Rangi ya kompyuta haibadilishi umbo la mdomo wala jicho. Mistari hubaki palepale, rangi zikalala juu ya kijivu.

Ipo njia ya tatu ya kuipa rangi katuni ya zamani, nami siipendi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katuni nyingi nyeusi na nyeupe za Looney Tunes, za studio ya Warner Bros., zilipelekwa Korea Kusini zikanakiliwa kwa mkono kutoka kwenye filamu ili zipate rangi za televisheni. Picha nyingi zilirukwa. Ndiyo maana wahusika wanashtukashtuka, na ucheshi unaotegemea nusu sekunde unapotea. Ukiona mwendo wa namna hiyo, umepata nakala ya aina hiyo.

Kwa darasa lako, anza na ya 1934. Tafadhali usiondoe rangi kwenye ya 1941 ukidhani utapata ileile. Mafundi wa 1934 walichanganya vijivu vyao kwa makusudi, ili mhusika aonekane wazi mbele ya pazia la jukwaa. Wa 1941 walitenganisha vitu kwa rangi. Rangi ikitoka, mpangilio wao nao unatoka.

Jambo la mwisho ni umbo la picha. Katuni hizi ni karibu mraba, ila runinga za sasa huzivuta zijaze kioo, Mickey akawa bapa. Weka 4:3 (upana nne kwa kimo tatu) na uache nafasi nyeusi pembeni. Zote mbili zihifadhi kama zilivyo. Ukitaka kupunguza ukubwa wa faili, punguza kwenye nakala, si kwenye faili asilia.