Vitamini za kifaranga huanzia kwa mtetea

Shikamoo daktari. Nimesikia kwamba viwanda vya vifaranga vya nje huchoma mayai sindano ya vitamini kifaranga akiwa bado ndani. Ni kweli? (Mfugaji, Kibaha)

Marahaba. Ni kweli, ingawa kinachochomwa zaidi ni chanjo. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, Sharma na Burmester, walionyesha kuwa kifaranga aliye ndani ya yai lililoatamiwa siku 18 anaweza kuchanjwa dhidi ya Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, na akajenga kinga. Miaka kumi baadaye mashine za kuchoma mayai trei nzima kwa mkupuo zikaingia sokoni hukohuko. Wazo la kumlisha kifaranga kwa njia hiyo lilifuata: watafiti Zehava Uni wa Israeli na Peter Ferket wa North Carolina, Marekani, walipata hataza yake, yaani haki ya ubunifu, mwaka 2003.

Siku ya 18 ina sababu yake. Wakati huo kifaranga anameza maji yaliyomzunguka, akijiandaa kutoboa kuingia kwenye chumba cha hewa. Virutubisho vikiwekwa kwenye maji hayo atavimeza, na utumbo utaanza kazi kabla hajatoka. Wamejaribu wanga, amino asidi, vitamini E, D na hata C, ambayo yai halina kabisa kwa kuwa kuku hujitengenezea mwenyewe mwilini. Matokeo hayalingani. Dozi ikizidi, au sindano ikipita pasipo pake, vifaranga wanaototolewa hupungua.

Nina mashine ndogo ya mayai 88. Je, naweza kuchoma mwenyewe kwa bomba la insulini? (Mama Vifaranga, Morogoro)

Usifanye hivyo, mama yangu. Ganda likitobolewa, bakteria na ukungu wanapata mlango, na ndani ya mashine kuna joto la nyuzi 37.5 na unyevu, mazingira wanayoyapenda mno. Mashine za viwandani husafisha sindano kwa dawa baada ya kila yai na hushuka kina kilekile kila mara, mkono hauwezi. Tena vitamini za unga tunazonunua madukani zimetengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, si za sindano. Yai moja likioza na kupasuka humo, unapoteza na mayai ya jirani zake.

Basi nikiloweka mayai kwenye maji ya vitamini? (Kijana wa Singida)

Hapana. Yai lina utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda. Ukiliosha au kuliloweka, utando unatoka na uchafu unanyonywa ndani.

Nitajuaje kama mayai yangu yana upungufu wa vitamini? Kila mara nusu hayatotoi. (Mfugaji, Kahama)

Vunja yale yasiyototoa. Kazi hiyo ina harufu mbaya na wengi wanaikwepa, lakini hakuna kinachosema ukweli kuliko hiyo. Kwanza tazama kifaranga alifia hatua gani. Vitamini A ikikosekana, mishipa ya damu haijengeki na kifaranga hufa siku chache za mwanzo. Ikikosekana B2, wengi hufa katikati. Utaona vidogo vilivyodumaa, na manyoya yao yamejikunja vifundovifundo kwa sababu yameshindwa kuchomoza vizuri kwenye ngozi. Upungufu wa B12 huua wengi karibu na siku ya 17. Biotini, aina nyingine ya vitamini B, ikipungua, mdomo hupinda kama wa kasuku na mifupa ya miguu huwa mifupi. Vitamini D ikipungua, kifaranga hawezi kuchota kalisi kutoka kwenye ganda, basi anafika mwisho akiwa na mifupa laini.

Kuna kipimo kingine cha jikoni. Vunja yai bichi kwenye sahani nyeupe. Ute wa yai la mtetea aliyelishwa vizuri una rangi hafifu ya manjano inayoelekea kijani. Hiyo ndiyo B2 yenyewe. Ute ukiwa mweupe kama maji, litilie shaka chakula chako.

Ila usikimbilie vitamini kabla hujakagua joto, ugeuzaji wa mayai na umri wake. Mayai yaliyokaa zaidi ya wiki moja kabla ya kuingia mashineni hupoteza nguvu hata kama mtetea alikula vizuri.

Nimlishe nini mtetea, na kwa muda gani kabla ya kukusanya mayai? (Mfugaji, Nakuru)

Anza wiki tatu hadi nne kabla. Kiini hujazwa kwa kasi katika siku kumi hivi za mwisho kabla ya yai kutoka, kwa hiyo vitamini ulizompa jana hazimo kwenye yai la leo. Tumia mchanganyiko wa vitamini wa kuku wazazi, yaani wanaotaga mayai ya kutotolesha. Ule wa kuku wa mayai ya kula una kiwango kidogo, kwa sababu umepangiwa yai lisilo na kifaranga. Ongeza majani mabichi, dagaa safi kwa ajili ya B12, na uwaache waote jua ili wapate vitamini D. Paketi ifunge na uiweke penye giza na ubaridi. B2 huharibiwa na mwanga. Usizidishe dozi: vitamini A nyingi kupita kiasi huzuia D na E zisifanye kazi.

Vifaranga wangu wa siku kumi wanatembelea vifundo, vidole vimekunjika kwa ndani. Je, ni Mareksi? (Bibi wa Tanga)

Shikamoo bibi. Kwa umri huo na vidole vya namna hiyo, ninashuku B2. Mareksi huja baadaye, na mara nyingi mguu mmoja hunyooka mbele na mwingine nyuma. Wape leo hii vitamini B kwenye maji ya kunywa. Wenye dalili changa hupata nafuu ndani ya siku chache, lakini waliokaa muda mrefu mishipa yao ya fahamu imeshaharibika na vidole havitanyooka tena. Kama uliwatotolesha mwenyewe, angalia pia chakula cha mama zao kabla hujaweka mayai mengine.